Zamu ya wikendi: mtoto yuko kituoni Ijumaa jioni, mahakama ni Jumatatu. Mnaanzia wapi?

ZamuAreaD aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Swali hili ni kwa maafisa ustawi wa jamii, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na mawakili wanaoshughulika na mashauri ya watoto hapa Dodoma. Zamu ya simu inaanza Ijumaa alasiri ofisi ikifungwa, inaisha Jumatatu asubuhi. Tuchukulie hali hii: saa 11 jioni kituo kinapiga. Kuna binti wa kazi za ndani, anasema ana miaka 15. Simu na fedha taslimu zimepotea ndani ya nyumba anayofanyia kazi Kisasa, na mlalamikaji ni mwajiri wake. Wazazi wako kijijini upande wa Kwamtoro, Chemba. Mjini hana ndugu anayejulikana.

Naomba kueleweshwa mambo haya: la kwanza kufanywa kituoni ni lipi? Dhamana inawezekanaje mzazi akiwa mbali hivyo? Taarifa ya kumpelekea hakimu Jumatatu inabeba nini, ikiwa imeandikwa kwa siku mbili tu? Na mwajiri akisema, "Akikubali alichukua, nitamdhamini mwenyewe," afisa ajibu nini?

---

KalamuNyekundu:

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloharibu mashauri mengi ya mabinti wa ndani. Mwajiri ni mlalamikaji. Hawezi kuwa mdhamini, na nyumba yake haiwezi kuandikwa kama makazi ya mtoto kwenye hati ya dhamana. Ukiiandika, umemrudisha chini ya paa la mtu anayemshtaki. Wiki haijaisha utasikia ametoroka, na hapo jina la kuruka dhamana linamkaa yeye. Kwa hiyo binti wa namna hii, hata kama amekaa mjini mwaka mzima, mhesabu kuwa hana anwani Dodoma. Kazi yako ya wikendi nzima ni kumtafutia anwani na mtu mzima wa kumshika mkono.

Sasa kituoni. Usianze na kosa. Usimuulize kabisa kama alichukua. Akianza kusimulia mwenyewe, mwambie kwa upole kwamba hayo atayasema mbele ya mzazi au wakili. Taarifa yako itasomwa na hakimu na wakili wa serikali. Sentensi moja ya "mtoto amekiri kwangu" inakugeuza shahidi wa mashtaka, na kesho hakuna mtoto atakayekuambia ukweli wa nyumbani kwao.

Muulize kwanza kama amekula, kama anaumwa, kama yuko kwenye hedhi, kama amepigwa. Hilo la kupigwa lipe uzito: kabla ya kufikishwa polisi, binti wa ndani anaweza kuwa ameshachapwa na watu wa nyumba ile. Ukiona alama, omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea matibabu, usiku huo huo aende hospitali, usingoje Jumatatu uvimbe ushuke. Begi la zamu liwe na daftari, kalamu mbili, tochi, betri ya akiba ya simu, pedi, khanga moja, biskuti na maji. Na wino wa dole gumba, tafadhali. Mama anafika kutoka kijijini, hajui kuandika, kituoni hakuna wino, mnaanza kuzunguka mjini Jumamosi jioni kutafuta kidude cha kuwekea dole.

Kisha kusanya majina. Mtoto wa kijijini anaweza asijue namba ya simu ya mama yake, lakini anajua jina la mwalimu mkuu, la mwenyekiti wa kitongoji, la mwenye duka, la shehe au katekista. Chukua matano. Anza na mtendaji wa kijiji. Ukimkosa mpigie mtendaji wa kata, na namba yake utaipata kwa mwenzako wa zamu halmashauri ya Chemba. Ukimpata mtu, usimtajie jibu. Ukisema, "Je, fulani ni binti wa fulani?" atasema ndiyo hata kama hamjui. Muulize, "Watoto wa nyumba ile ni wangapi, na aliyekwenda mjini ni yupi?" Akikutajia jina mwenyewe, andika saa na dakika. Jina moja lithibitishwe na watu wawili wasioishi nyumba moja.

Mama akipatikana Ijumaa usiku, mwambie aje na vitu vitatu: kadi ya kliniki ya mtoto au cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chake cha NIDA au cha mpiga kura, na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri. Usimwambie "njoo haraka" tu. Atapanda gari la alfajiri mikono mitupu na mtaanza upya. Masika barua ifuatwe usiku huo huo, kwa sababu korongo likijaa kabla hajafika barabara ya lami, hesabu Jumapili.

---

Dawati_Jioni:

KalamuNyekundu kamaliza upande wa mtoto. Mimi niongezee upande wa kaunta.

Sheria ya Mtoto, Sura ya 13, kifungu cha 101: mtoto akikamatwa na haiwezekani kumfikisha Mahakama ya Watoto papo hapo, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana yake mwenyewe au ya mzazi, mlezi au ndugu. Vizuizi ni vitatu tu: shtaka ni la kuua au la kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka 7; au inabidi kumtenga na watu wabaya kwa faida yake; au kuna sababu ya kuamini kuwa kumwachia kutaharibu mwenendo wa haki. Kwa hiyo "mahakama imefungwa, leo Ijumaa" siyo jibu. Kifungu kimewekwa kwa ajili ya hali hiyo hiyo.

Angalia sasa mtego wa kesi uliyoitaja. Wizi wa kawaida, kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu, mwisho ni miaka 7. Haujazidi, kituo kinaweza kumwachia. Mpelelezi akiandika wizi wa mtumishi kwa mali ya mwajiri, kifungu cha 271, mwisho unakuwa miaka 10, na mlango wa dhamana ya kituo unafungwa. Kuvunja nyumba ni 14. Wizi wa mifugo, ambao vijijini kwetu huku ndio wimbo wa kila wiki, ni 15. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mpelelezi, kabla hata ya kuuliza jina la mtoto, ni "jalada limefunguliwa kwa kifungu gani?" Uliza kwa heshima, yeye ana kazi yake. Jalada linapoanza, mara nyingi ushahidi wa ajira wenyewe haupo: hakuna mkataba, hakuna risiti ya mshahara. Mpelelezi muungwana anaweza kufungua kwa wizi wa kawaida na kumwachia wakili wa serikali aamue siku ya kuandaa hati ya mashtaka.

Dhamana ikikataliwa, omba sababu ziandikwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekataa dhamana aweke sababu kwa maandishi, na kuna wakati kuomba tu kwamba ziandikwe kunatosha kubadili mawazo. Akibaki kituoni, asichanganywe na watu wazima, na binti awe mikononi mwa askari wa kike. Kituo kidogo kisicho na chumba cha pembeni, omba ahamishiwe chenye Dawati la Jinsia na Watoto, na uhamisho uandikwe kwenye kitabu ili Jumatatu asitafutwe kituo kisicho chake.

Hati ya dhamana ya kituo haina malipo. Mama asitoe hata mia.

---

Wakili_Ihumwa:

Naunga mkono, ila niweke angalizo mbili tatu.

Namba za vifungu tunazotaja hapa ni za matoleo tuliyozoea. Toleo la Marejeo la mwaka 2023 limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya sheria namba zimesogea. Kwenye taarifa yako taja jina la sheria, na namba uiweke baada ya kuangalia toleo lililo mezani kwa hakimu. Taarifa nzuri yenye kifungu cha zamani inampa upande wa pili cha kuchezea.

Pili, kizuizi cha miaka 7 kinamfunga mkuu wa kituo. Hakimu hafungwi nacho. Kwa hiyo binti akishindikana kituoni kwa sababu ya kifungu cha 271, usikate tamaa ukaandika taarifa ya kulegea. Dhamana ya Jumatatu iko palepale, na hapo taarifa yako ndiyo mzigo wote. Mahakama ya Watoto inasikiliza makosa yote isipokuwa ya kuua, hakimu mkazi ndiye anayekaa, shauri linasikilizwa faragha, na afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo. Usipotokea, shauri linaweza kuahirishwa na mtoto akarudi alikotoka kwa sababu yako wewe.

Tatu, chunguza kama ameunganishwa na mtu mzima. Tuseme mlinzi wa nyumba naye kakamatwa. Hati ikiwashtaki pamoja, shauri linatoka Mahakama ya Watoto na kwenda mahakama ya kawaida. Zungumza na wakili wa serikali mapema asubuhi, kabla hati haijasajiliwa, uombe hati mbili. Ikishasajiliwa, kuitenganisha kunakula tarehe.

Nne, masharti. Sheria ya Mwenendo inampa hakimu masharti ya kuzuia mienendo: kukabidhi hati ya kusafiria, na kutotoka nje ya eneo la makazi. Kwa binti asiye na pasipoti, la kwanza halina uzito. La pili ndilo lenye sumu. Akipewa dhamana yenye maneno "asitoke nje ya Jiji la Dodoma" halafu mama akaondoka naye kwenda Chemba, amevunja sharti siku ya kwanza. Kwenye mapendekezo andika wazi: makazi yake wakati wa shauri yatakuwa kijiji fulani, kata fulani, wilaya ya Chemba, na ataripoti kwa mtendaji au kwa afisa ustawi wa wilaya kila baada ya siku kadhaa. Omba pia tarehe ya kutajwa isiangukie siku ambayo usafiri wa kwao ni wa taabu. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anaweza kuahirishiwa hadi siku 30. Siku 14 ni mazoea ya walio mahabusu. Kumsafirisha mtoto na mama yake kila wiki mbili kwa shauri la kutajwa tu ni njia ya uhakika ya kumfanya akose tarehe.

---

Mhamiaji_Mpunguzi:

Kwa faida ya wasomaji, kazi hii Marekani ina idara zake kabisa, maafisa wa kabla ya kesi. Yuko wa zamu usiku na wikendi, anaandaa taarifa hakimu aamue kumwachia mtu au la. Jimbo la New Jersey liliacha karibu kabisa dhamana ya fedha tangu Januari 2017, na Illinois ikaifuta yote Septemba 2023. Sehemu kadhaa wanatumia kipimo cha vipengele 9: umri siku ya kukamatwa, kama shtaka la sasa ni la ukatili, kama alikuwa na kesi nyingine, hukumu za nyuma za aina tatu, kukosa mahakamani ndani ya miaka miwili na kabla ya hapo, na kifungo cha zamani. Hata mahojiano hayahitajiki, alama zinatoka kwenye kumbukumbu. Kwa nini nasi tusiwe na fomu ya alama? Afisa wa zamu angepumzika na haya makorongo.

---

KalamuNyekundu:

Mhamiaji, kipimo hicho ni cha watu wazima na kinasimama juu ya kumbukumbu. Binti wa Kwamtoro aliyekuja mjini mara ya kwanza hana kumbukumbu ya kitu chochote. Ukiacha umri wake mdogo, atapata sifuri kila kipengele, na bado hujui atalala wapi Jumatatu usiku. Hilo la kulala ndilo hakimu anauliza. Fomu ya alama haijui kuwa "shangazi" aliyejitokeza kituoni ni dalali aliyemleta mjini.

Na dalali anakuja, msishangae. Mtu akisema ni ndugu, mhoji mbali na mtoto: jina la bibi mzaa mama, mtoto ni wa ngapi kuzaliwa, shule ya msingi aliyosoma. Halafu mwulize mtoto hayo hayo. Yasipofanana, asikabidhiwe, hata kama ana kitambulisho na amevaa vizuri.

Nirudi kwenye taarifa. Kurasa mbili zinatosha, hakimu ana mashauri mengi asubuhi hiyo. Ukurasa wa kwanza: mtoto ni nani, umri na umejulikanaje, wazazi ni nani na nani amewathibitisha, shule aliyofika na kwa nini aliacha, afya, kama amewahi kuwa na shauri lingine. Ukurasa wa pili ndio wenye kazi: nani atamchukua, anaishi wapi, anapatikana kwa namba zipi, atamletaje mahakamani, na unapendekeza nini.

Kila sentensi ionyeshe ilikotoka. "Mama anasema" ni kitu kimoja. "Mtendaji wa kijiji amethibitisha kwa simu Jumamosi saa 4:10 asubuhi" ni kitu kingine. Usichanganye. Na usichokithibitisha kiandike hivyo hivyo, "makazi ya baba hayajathibitishwa, simu haikupatikana Ijumaa na Jumamosi." Afisa anayejaza pengo kwa maneno laini kama "familia yenye maadili mema" anaumbuka wakili wa serikali akiuliza swali moja tu: umemwona nani?

Mambo ya ajira yaandike kama yalivyo, bila kutetea: alikuja lini, aliletwa na nani, aliahidiwa kiasi gani kwa mwezi, amelipwa mara ngapi. Ikionekana aliletwa kwa hila, hakulipwa, amefungiwa ndani, hilo lina sheria yake ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008. Mpelekee Dawati kama jambo la pekee, usilifanye hoja ya dhamana. Ukichanganya, itaonekana unamlipizia mwajiri.

Mzazi akikwama njiani mpaka Jumapili, iko njia ya familia ya kuaminika iliyokwisha kuhakikiwa na halmashauri, au nyumba salama. Orodha ya familia hizo uwe nayo kwenye simu kabla zamu haijaanza, na uwapigie Ijumaa mchana kujua nani yuko mjini wikendi hiyo. Msamaria aliyeguswa pale kaunta asipewe mtoto. Mahabusu za watoto haziko kila mkoa, kwa hiyo usipendekeze kitu ambacho gari lake hulijui.

---

ZamuAreaD:

Shukrani sana wakuu. Bado suala la umri. Mama akija hana kadi ya kliniki, hana cheti, anasema tu "alizaliwa mwaka wa njaa"? Na mlalamikaji anashikilia kuwa binti ana miaka 19.

---

Wakili_Ihumwa:

Hapo mahakama yenyewe ndiyo inayofanya uchunguzi wa umri, wewe unaipelekea vyanzo. Cha kwanza baada ya cheti na kliniki ni kitabu cha usajili cha shule ya msingi: mwalimu mkuu apige picha ukurasa wenye jina, mwaka wa kuandikishwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa wakati ule. Kina nguvu kwa sababu kiliandikwa kabla ya kesi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Kisha kadi ya ubatizo, kama ipo. Mwisho kabisa cheti cha daktari. Kinapokewa, lakini kinatoa makadirio. Huo "mwaka wa njaa" usiutupe: mwulize mama watoto wake wengine walizaliwa lini, yupi ana cheti, na huyu yuko nyuma ya yupi. Mdogo wake akiwa na cheti cha miaka 14 na kuna mmoja katikati yao, umepata pa kuanzia.

Wakati umri haujaamuliwa, simama kwenye kauli ya mtoto na umtendee kama mtoto. Na kumbuka mpaka wa chini pia: aliye chini ya miaka 10 hana jinai kabisa, na kati ya 10 na 12 upande wa mashtaka lazima uonyeshe alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya ni kosa.

---

Dawati_Jioni:

Nyongeza ndogo. Picha ya ukurasa wa shule na jina la mtoto zisipite kwenye makundi ya WhatsApp, hata ya kazini. Tuma kwa mtu mmoja mmoja, futa baada ya kuchapa. Sheria inakataza kumtangaza mtoto aliye kwenye shauri, na Dodoma hii mji ni mdogo kuliko mnavyodhani. Jirani wa Kisasa ana binamu Chemba.

---

KalamuNyekundu:

Na Jumatatu fika kabla ya saa 2 asubuhi. Chapa nakala tatu: ya hakimu kupitia kwa karani, ya wakili wa serikali, ya jalada lako, na hiyo ya kwako karani aigonge mhuri wa kupokelewa wenye saa. Mama akae karibu na wewe, si nje getini, maana wakiita jina la mtoto na mdhamini hayupo ndani, shauri linasogezwa mwisho wa orodha. Mtafutie mtu wa kumtafsiria kabla ya kuingia kama Kisandawe ndicho anachokiweza zaidi. Usiache ajibu "ndiyo" kwa kila anachoulizwa. Akishaweka dole, soma naye tarehe ya kurudi mara mbili, iandike nyuma ya kadi ya kliniki au kwenye karatasi aifunge kwenye pindo la khanga, kisha mpigie mtendaji wa kijiji naye aijue.

---

ZamuAreaD:

Nimeelewa mkuu. Wino wa dole nanunua leo.